Ngumi Iliyohesabiwa

Baraza la kijiji lilikuwa linaamua kama nyumba zetu zibomolewe, mkandarasi ajenge zake za kuuza. Kura zilipigwa kwa kuinua mikono, nazo zikafungana. Akabaki mwanangu, seremala, mjumbe wa mwisho, aliyeniapia kwamba mkono wake hautainuka.

Mkandarasi akanigeukia. "Mama, si unapenda vitendawili? Nyumba yangu haina mlango."

"Yai," nikamjibu.

"Umekosa. Ni hiyo yako, kesho tingatinga likipita."

Mwanangu akaruka meza. Akamkaba koo, akambamiza ukutani, damu ya pua ikaruka hadi kwenye shati la mwenyekiti. Vijana wa mkandarasi wakamvamia, majirani wakawapokea kwa viti. Kuna mmoja nilimng'ata kidole mpaka nikasikia mfupa, na haya meno yangu mnayacheka kila siku.

"Mpasue!" nikapiga kelele, Mungu anisamehe. Mwanangu akainua ngumi juu kabisa.

"Mkono umeinuka!" akapaza sauti mwenyekiti, akiwa chini ya meza. "Mjumbe amekubali. Hoja imepita!"



"Mwenyekiti, hiyo ni ngumi!" akalia jirani yangu.

"Kanuni inasema mkono. Haikusema vidole vikunjuliwe."

Mkandarasi akacheka, mdomo umejaa damu. Mwanangu akanitazama, machozi yanamlenga, ngumi bado iko hewani.

"Si imeshahesabiwa, baba?" nikamwambia. "Basi usiirudishe bure."

Akaishusha, na meno ya mkandarasi yakatawanyika sakafuni.