Redio Kwenye Duara

Siwezi kusema mbele ya watu. Mmoja naweza, wawili kwa taabu. Wakifika watatu wakanitazama, ulimi unakauka kama soli iliyosahauliwa juani, na hata jina langu nalitafuta. Mimi ni fundi viatu. Kazi hii imenificha miaka mingi, maana mteja huja mmoja mmoja, na mimi natazama mguu wake, sio uso.

Mwaka huu kujificha kukashindikana. Kibanda cha kona, karibu na geti la soko, kilibaki wazi baada ya mwenyewe kuacha biashara. Kwetu anayetaka kibanda husimama kwenye mkutano wa wenye vibanda, akasema kwa mdomo wake kwa nini apewe, halafu watu wanainua mikono. Hutumi mtu, hupeleki karatasi. Mimi nimekaa nyuma kabisa, jirani na choo. Mteja ananifikia kiatu kimeshamfia mguuni. Mwingine aliyeitaka kona ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza mabegi. Sokoni wanamwita Redio. Anaanza kuita wateja geti likifunguliwa, hazimwi mpaka lifungwe.

Mke wangu ndiye aliyenituma zahanati. Huko kuna mama mmoja mshauri, anakusanya watu wenye hofu kama yangu. Wanakaa kwa duara, wanaelezana, wanafanya mazoezi ya kusema mbele ya wenzao mpaka woga uchoke wenyewe. Nilimwapisha mke wangu asimwambie mtu, hasa kaka yake. Akaapa.

Siku ya kwanza niliona kama kuna ukweli. Mshona nguo mmoja alisema akiona watu anaowafahamu huvuka barabara, na kama hakuna pa kuvukia hujifanya ameangusha kitu. Hakuna aliyemcheka. Nikatoka nimepungua uzito, nikajiambia nikirudi nitasema habari ya kona.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimeinamisha kichwa kama kawaida yangu, nikaona viatu vinaingia. Vyeusi, vya kamba. Soli nimebandika mimi, na kile kiraka cha upande wa ndani nimekishona mimi. Nikainua macho. Redio, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Naye akaniona, akaganda mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Mshauri akamkaribisha, akamwomba aseme kilichomleta.

Redio akacheka. "Mimi mzima, mama. Nimemsindikiza shemeji yangu huyu, asije akapotea njia."

Wenzetu wakatabasamu. Mimi sikutabasamu. Mtu anayesimamisha umati mzima kwa sauti yake, ana hofu gani ya watu? Amekuja kuniona ninavyotetemeka, akanitangaze sokoni kabla ya mkutano. Na nani alimwambia niko pale? Aliyejua alikuwa mmoja, na ndiye anayenipikia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mshauri, bila kujua, akatupanga pamoja kwa zoezi. Mmoja awe mwenyekiti, mwingine asimame aombe kitu, na kiwe kitu cha kweli kinachomtisha. Nikamwambia mimi naogopa mbwa tu. Redio akasema yeye anaogopa mama mkwe, na mama mkwe hagawi vibanda. Basi tukakaa tukitazamana viatu. Vyake vilikuwa havitulii, vinasuguana kimoja kwa kingine kama mtu anayebanwa na haja. Nikajua ana haraka ya kwenda kusimulia.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anakunja nguo. Nikamuuliza kama amemwambia kaka yake.

"Habari zako sikumwambia."

"Sasa alifikaje pale?"

"Baba watoto, mimi nimeapa," akasema. "Ya kaka yangu usiniulize."

Jibu lilikuwa humo humo. Mimi nikasikia nilichotaka kusikia, nikaacha kwenda zahanati.

Mkutano ulifanyika asubuhi, kabla ya biashara. Mwenyekiti akamwita Redio kwanza. Watu walianza kucheka kabla hajafungua kinywa, wakijua watachekeshwa. Akasimama bila begi mkononi, bila mteja wa kumvuta shati wala wa kumtajia bei. Akasema, "Ndugu zangu," kisha kimya.

"Betri zimeisha," mmoja akasema.

Kicheko kikazunguka banda zima. Viatu vya Redio vikaanza tena kusuguana, upande wa ndani kwa upande wa ndani, pale pale penye kiraka changu. Miaka yote ananiletea viatu vimelika sehemu hiyo hiyo, nami nabandika na kushona, wala siulizi mguu huu una nini. Akakaa chini, jasho linamtiririka.

Nikaitwa mimi. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga siku nyingi nikigonga misumari. Kilichotoka ni kikohozi. Muuza makufuli akainua mkono, akasema kama hakuna anayetaka basi apewe yeye, maana mtu akiona kufuli getini hukumbuka mlango wake. Mikono ikapanda.

Mke wangu alipopata habari ndipo alipofungua kinywa. Kaka yake alimjia kabla yangu, akamuuliza msaada wa hofu kama yangu uko wapi, naye akamwapisha asiniambie.

"Nikadhani mkikutana kule mtacheka tu," akasema, "kisha mfundishane."

Kona ina makufuli. Mimi niko jirani na choo, na nikipika gundi wateja hawajui harufu ipi ni yangu. Duara la zahanati limepungua watu wawili. Redio pia hakurudi. Mke wangu nikimuuliza jambo, hata dogo, hunitazama kwanza halafu ndipo anapojibu. Na Redio bado anaita wateja kutwa nzima. Kiraka cha kiatu chake kimeachia. Anapita mbele ya kibanda changu nacho kinapepea, anakipeleka kwa fundi wa nje ya geti.