Bastola ya Thelathini na Mbili

Ghati alihesabu kwa sauti, kusudi mgeni asikie. "Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja." Kabati la kioo la duka la silaha alilouzia pale mji wa Manassas, ughaibuni, lilikuwa limejaa bastola hadi kwenye kona. "Sasa kaka, hii ya kwako niiweke wapi? Kichwani?"

Ndirangu alicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha kuomba. Mkenya huyu alikuwa ametoka mji wa Laurel tangu asubuhi, suti imemkaa vizuri, akiuza bastola mpya ya kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Maduka manane yalishamkatalia. Leo Ijumaa isipopatikana oda hata moja, kazi imeisha, arudi hotelini kuegesha magari ya watu. Haya yote aliyasema mwenyewe, wala hakuulizwa.

"Aki dada Ghati, nisaidie. Hii kitu ni nyepesi, inabeba risasi kumi na tano, haikwami."

"Hata hizi nyingine hazikwami. Mikoba ya kiunoni inayoitosha ipo?"

"Inakuja."

"Magazini za risasi, za akiba?"

"Zinakuja."

"Ehe! Basi na wewe ungengoja mje wote pamoja."

Msidhani Ghati alikuwa na roho mbaya. Wala! Binti huyu wa Tarime alikuwa na aibu yake, tena imelala palepale rafu ya chini: bastola nzito, mpini mnene kama mchi, ambayo yeye ndiye aliyemshawishi bosi ainunue mwaka juzi. Nayo ilitoka kampuni mpya, nayo ilikuja na maneno matamu. Miaka miwili sasa kazi ni kuifuta vumbi tu. Bosi hakumgombeza, alisema tu kwamba tangu siku hiyo Ghati ndiye atakayeamua mzigo gani uingie. Hilo lilimuuma kuliko kugombezwa.

"Unaiona ile?" akamwambia Ndirangu. "Ikitoka, tutaongea."

Alikuwa anamfukuza kwa adabu. Kabla Ndirangu hajafunga mkoba wake akaingia fundi bomba mmoja, mzungu mkubwa, ovaroli limelowa, anataka bastola ya kuweka nyumbani. Ghati akafungua kabati, akaanza kusifia: hii ina hiki, ile ina kile. Jamaa anashika, anarudisha. Anashika, anarudisha. Alipofika ya tisa alishaanza kutazama mlango.

"Samahani, mzee," Ndirangu akamuuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, "ukiishika, ni nini kinachokusumbua?"

Fundi akaonyesha. Kiganja chake kilikuwa kipana kama sahani, na kidole cha mwisho kilikuwa kinaning'inia nje ya mpini. Miaka mitano Ghati anauza bastola, swali hilo hakuwahi kumuuliza mtu. Ndirangu akanyoosha kidole rafu ya chini.

Fundi alipoishika ile nene, uso ukamfunguka. Ghati akajaza fomu, akapiga simu polisi wa jimbo kuulizia rekodi zake, wakasema hana tatizo. Haikupita nusu saa, fundi akaondoka nayo.

Ghati akabaki anatazama pale patupu. Raha aliyoisikia, angekuwa peke yake angecheza.

"Mbona hukumwonyesha ya kwako?"

"Ingepotea mkononi mwake. Kesho angeirudisha, akutukane wewe."

"Mh!" Ghati akavuta kitabu cha oda. "Haya. Naandika moja. Na nikuambie ukweli, hiyo bastola siiamini hata kidogo. Nimekuamini wewe."

Ndirangu akampigia bosi wake papo hapo. Akaeleza oda imepatikana, moja, tena akarudia neno kwa neno kwamba mwenye kuagiza haiamini bastola hata kidogo.

"Jamani, hata hilo unamwambia!" Ghati akamnyang'anya simu. "Halo? Andikeni mbili."