Aliyekaa Ndani ya Kabati

Mteja alitoka Kawe kuja kuchukua kabati lake. Kabati la milango mitatu, mninga mtupu, vanishi imekauka vizuri, na kaka yangu Khalfani, fundi aliyelitengeneza, akamwambia afungue mwenyewe aione kazi. Mama wa watu akavuta mlango wa katikati. Ndani alikuwa amekaa mtu, magoti kifuani, macho wazi, anamtazama.

Aliyepiga kelele ni mteja, si yule wa ndani. Mafundi wote wa upande ule wa Keko waliacha misumeno wakaja mbio. Wakamwona Tabu, binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, anatoka kabatini taratibu, anakung'uta maranda kwenye sketi ya shule, anaingia ndani kwao bila kumsemesha mtu. Mteja hakulitaka tena lile kabati. Aliondoka huku anajisomea Ayatul Kursiy.

Mimi ni shangazi yake, Zubeda. Wifi yangu, mama yake Tabu, alinipigia simu kwamba mafundi wanasema mtoto ana jini, na nikatoka Mwananyamala siku ileile. Niseme mapema kwamba majini nawaogopa, sijifanyi msomi. Lakini uongo nao siupendi, na nyumba ile niliikuta imejaa uongo. "Tabu mzima, wifi, ni uchovu wa masomo tu," naambiwa mlangoni, na anayeniambia macho yamemvimba kwa kulia.

Nilimkuta mtoto ameketi kitandani, uso ukutani. Tabu ninayemjua mimi alikuwa akicheka unamsikia toka barabarani. Huyu aliitikia salamu yangu baada ya muda, akasema "Shikamoo shangazi" kwa sauti ndogo ambayo ungedhani inatoka chumba cha jirani. Chakula cha mchana kilikuwa pembeni kimeota ngozi. Baadaye akaingia bafuni, maji yakafunguliwa, yakamwagika na kumwagika. Nikasogea mlangoni. Chini ya kelele za maji kulikuwa na sauti nyingine, nzito, inaguna na kukatika na kuguna tena, wala haikufanana na sauti ya binti wa miaka kumi na sita. Nikagonga. Sauti ikakoma papo hapo, na aliyetoka ni Tabu, uso mkavu kabisa.

Nilimfuata Khalfani karakanani.

"Kaka, mtoto apelekwe hospitali."

"Hospitali ya nini? Malaria tumepima, hana."

"Ya akili."

Akaitupa randa chini. "Zubeda, unataka watu waseme nimezaa chizi? Jini anatoka, watu wanasahau. Uchizi unaganda kwenye ukoo. Nani atakuja kumposa? Nani atawaposa hata hao wa kwako?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua, kaka."

"Anakula, analala pazuri, ada nalipa. Anakosa nini?"

Nilikasirika, lakini yeye ndiye baba. Akamwita Bi Mwanahamisi, mganga anayepunga majini, aje alasiri ya Alhamisi.

Alikuja mwanamke mfupi, mpole, na chetezo chake cha udongo. Madirisha yakafungwa, ubani ukawashwa, Tabu akakalishwa mkekani na kufunikwa shuka jeupe gubigubi. Kwetu jini akipanda haulizwi ovyo. Anaamkiwa kwa heshima, anaitwa bwana, anaulizwa anataka nini, na hakatizwi. Akishataja, mwenye nyumba anaahidi mbele ya watu, na ahadi ya jini haivunjwi, kwa sababu aliyedanganywa hurudi na hasira zake. Kaka yangu anayaamini hayo kuliko ninavyoyaamini mimi.

Moshi ukajaa. Bi Mwanahamisi akaimba kwa sauti ya chini, sisi tunaitikia. Shuka likatulia kwa muda mrefu mpaka nikaogopa kwamba chini yake hapumui mtu. Kisha likaanza kuyumba, mbele, nyuma, polepole, na ile sauti ya bafuni ikatoka.

"Kiti changu kinaumwa."

Kiti ndilo jina jini analomwita mtu aliyempanda. Wifi akajiziba mdomo kwa kanga.

"Shikamoo bwana," alisema Bi Mwanahamisi. "Kinaumwa nini?"

"Hakilali. Chakula kwake mchanga. Kinalia bafuni kwenye maji ili wenyewe wasisikie. Kinaingia kabatini kwa sababu mle hakuna anayekiuliza kina nini. Kila asubuhi kinaamka, na kinasikitika kwamba kimeamka."

"Wewe ndiye unayekitesa, bwana?"

"Si mie. Mie nimekuja kukisemea."

"Basi taja. Wataka pete? Wataka mbuzi mweusi? Marashi?"

Shuka likaacha kuyumba. "Nataka kipelekwe hospitali, kwa daktari wa akili. Kesho. Baba yake akipeleke mwenyewe, asitume mtu."

Bi Mwanahamisi alishika chetezo hewani, hakukishusha. Akanitazama, akamtazama kaka. Katika maisha yake yote ya kupunga, nadhani hakuwahi kuombwa kitu hicho. Lakini ni mwanamke mkweli katika kazi yake. "Bwana ameshataja," akasema. "Mwenye nyumba, ahidi."

Khalfani akapiga magoti mkekani. "Naahidi, bwana."

Asubuhi tukaenda. Daktari, dada mmoja mtulivu, alikaa na Tabu peke yao muda mrefu, kisha akatuita. Akasema ugonjwa wenyewe unaitwa sonona, huwapata wengi wa umri wake, si laana wala uvivu, na unatibika. Tabu atakuja hapo kuzungumza naye kila wiki, dawa zitaangaliwa zikihitajika, na nyumbani asiachwe peke yake na mawazo ya kutotaka kuamka.

"Na jini?" akauliza kaka.

"Sijaongea na jini, baba. Nimeongea na Tabu."

Tukatoka tukakaa kwenye benchi la nje, watu wamejaa. Khalfani alikuwa anatazama vidole vyake vyenye gundi.

"Tabu. Yule wa jana alikuwa nani?"

"Mie, baba."

Mimi niliyekuwepo, mpaka leo nikiikumbuka sauti ile nasoma dua.

"Sasa kwa nini ujifiche kwenye shuka? Kwa nini usiniambie mwenyewe?"

"Nilikwambia. Kwenye mfungo, unapiga msasa meza, nilikwambia baba natamani nisiamke. Hukugeuka. Ukaniambia niache uvivu, nikafagie maranda." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Jini ulimpigia magoti. Hukumkatiza hata neno."

Nilimjua kaka yangu vizuri, nikasubiri afoke, nami nilikuwa tayari kumfokea mbele za watu. Hakufoka. Aligeuka akamkabili mwanawe, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Niambie tena," akasema. "Sikukatizi."

Tabu akanitazama mimi kwanza, kisha akaanza.