Mapigo ya Saa Tano

Saa nne na dakika thelathini na tano Shangazi aliandika mapigo ya moyo ya saa tano. Aliweka nukta kwenye mia na arobaini na mbili, akaiunganisha na iliyotangulia, na kalamu ilivyokuwa haijatulia ikasogea mbele tena na kuweka ya saa tano na nusu, mia na thelathini na nane. Hakuzifananisha. Namba zikifanana mno wakaguzi huingiwa na shaka, na miaka kumi na tisa ya ukunga ilikuwa imemfundisha hata namna ya kuwaridhisha wakaguzi.

"Mbona hujasikiliza?" aliuliza mama aliyelala kitandani.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, mimba yake ya kwanza, na kwa kazi yake alizoea kuangalia mikono ya watu. Shangazi alimwambia kwamba amesikiliza sasa hivi, au amesahau? Na kweli dakika tano tu zilikuwa zimepita tangu ainame na pembe yake, kile kibomba kifupi cha bati cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, akawa anagonga chuma cha kitanda kwa kidole ili mama naye asikie mwendo wa moyo wa mwanawe. Ta-ta-ta-ta-ta, haraka haraka. Fundi alikuwa amecheka katikati ya uchungu wake, akasema mtoto huyu anashona kwa umeme.

"Narudi sasa hivi, mdogo wangu," Shangazi alisema, akaning'iniza ubao wa karatasi miguuni pa kitanda. "Ukihitaji chochote, niite kwa sauti tu. Mimi sipotei."

Akapotea.

Lazima isemwe kwamba Shangazi hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Jina lenyewe alipewa na wanafunzi wenzake wa shahada ya ukunga, watoto wa miaka ishirini na moja, ishirini na mbili, waliomkuta darasani siku ya kwanza wakasimama wote wakidhani ndiye mkufunzi. Alikuwa na miaka arobaini na minne, cheti cha zamani na magoti yanayolia. Mihadhara ilimshinda kwa makalio kabla ya kumshinda kwa akili. Mara afungue dirisha, mara alifunge, mara atoke kupokea simu ambayo haikulia. Wodini ndiko alikopumua, na wodini watoto wale walimfuata kama vifaranga, maana yeye angeweza kujua njia imefunguka kiasi gani kwa kusikia mama anavyoguna tu.

Sasa ilikuwa wiki ya mwisho ya mwaka wa mwisho. Mtihani wa vitendo ulikuwa mmoja: kila mwanafunzi apewe mama mmoja, amfuatilie tangu uchungu unapokolea hadi mtoto atoke, na ajaze grafu yake mwenyewe, mapigo ya mtoto kila nusu saa, bila kuruka. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyopelekwa kwa watahini. Na nyuma ya karatasi hiyo kulikuwa na kiti. Msimamizi wa wodi ya wazazi alikuwa anastaafu mwezi uleule, na metroni alikuwa amemwambia Shangazi waziwazi kwamba nafasi ni yake, ila siku hizi hakuna msimamizi asiye na shahada. Metroni aliweza kuvuta muda hadi matokeo yatoke. Mwaka mzima hakuweza.

Kilichomtoa Shangazi pale kitandani ni takwimu. Saa nane mchana alikuwa na mtihani wa mdomo wa somo hilo, na takwimu zilikuwa zimemnyima usingizi muhula mzima. Binti yake, aliyekuwa bado sekondari, ndiye aliyekuwa akimfundisha mezani jikoni, akimuuliza maswali kwa ukali wa mwalimu mkuu. Asubuhi ile binti alikuwa amempigia pasi koti jeupe na kumtilia mfukoni kikaratasi chenye kanuni zote, kimeandikwa kwa maandishi ya kusoma bila miwani.

Basi akajifungia stoo ya mashuka na kikaratasi chake. Alisoma mstari wa kwanza akiwa amekaa kwenye furushi, wa pili akiwa amesimama, wa tatu akizunguka. Moyo ulikuwa haumtulii. Mara mbili alifungua mlango kuchungulia korido na kuufunga. Muuguzi mmoja akamkuta hapo, akamwomba aje amsaidie kutafuta mshipa wa mgonjwa ambaye wote walikuwa wameshindwa kumwekea dripu, na Shangazi akafurahi kupata kisingizio. Mshipa akaupata mara moja. Akasifiwa. Akasimama kidogo kusifiwa zaidi. Alipotazama saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tatu.

Hakukimbia. Kuandika mbele ni jambo alilolifanya mara zisizo na hesabu, usiku wa zamu za wakunga wawili kwa akina mama kumi na wanne, na watoto walizaliwa wakalia. Alimkuta fundi ameshika kingo za kitanda, jasho linamtiririka. Akamsemesha kwa upole, akainama, akaweka pembe mahali palepale pa asubuhi.

Hakusikia kitu. Akaisogeza. Akasikia, na kwanza akadhani anasikia mshipa wa mama mwenyewe, kosa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akamshika mama kifundo cha mkono, akawa anasikiliza huku na kuhesabu kule. Mkono ulikwenda mbio. Tumbo lilikwenda polepole. Tisini na nne. Akasubiri uchungu upite, akahesabu tena dakika nzima kwa mshale wa sekunde. Themanini na nane.

"Lalia ubavu wa kushoto," alisema. "Hivyo hivyo. Pumua, mdogo wangu."

"Gonga nisikie," fundi alisema.

Shangazi hakugonga. Akamtuma muuguzi wa karibu akamwite daktari wa zamu.

Daktari alikuja na kofia ya chumba cha upasuaji kichwani, kijana mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Alikuwa anajiandaa kumpasua mama mwingine aliyekwisha kulazwa mezani. Nyuma yake akaingia mkufunzi, aliyekuwa akizunguka wodi tatu kukagua watahiniwa, na ambaye wanafunzi walimwita Rula kwa sababu hata pambizo za madaftari yao alizipima. Rula akasimama ukutani na fomu yake, kama kanuni zilivyomtaka, bila kuingilia.

Shangazi alieleza alichosikia. Daktari hakuinama. Alichukua ubao miguuni pa kitanda, na macho yake yakatembea juu ya mstari: mia na arobaini na nne, mia na arobaini, mia na arobaini na mbili, mia na thelathini na nane. Mstari mzuri. Hata Shangazi mwenyewe aliuona kuwa mzuri.

"Hii grafu haina tatizo," daktari alisema. "Dakika chache zilizopita mtoto alikuwa salama. Utakuwa umesikia mapigo ya mama."

Shangazi alimweleza kwamba alimshika mama mkono, kwamba mapigo mawili yalipishana. Daktari akasema kwa heshima kwamba anamwamini, lakini mtoto akishuka hubanwa kichwa na moyo hupungua kidogo, kisha hurudi. Kwa mstari kama huu angempa nusu saa. Amalize kwanza yule aliyeko mezani, halafu waje waangalie tena. Akaurudisha ubao mahali pake na kugeuka.

Shangazi alitazama mgongo wake. Alimtazama Rula na kalamu yake. Kwa kitambo kifupi, ambacho baadaye hakuacha kukirudia kichwani, alifikiria kutafuta njia nyingine. Kumwita daktari wa pili. Kusema kwamba mama anatokwa damu. Aliona kiti cha msimamizi, dirisha lililo nyuma yake, hata kufuli la kabati.

"Daktari," alisema. "Hizo mbili za mwisho si za kweli. Niliziandika kabla, nikaondoka. Tangu saa nne na nusu huyu mtoto hajasikilizwa na mtu."

Fundi alikuwa amefumba macho, lakini alikuwa anasikia. Daktari alirudi, akamnyang'anya Shangazi pembe badala ya kuiomba, akainama kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa anaongea na watu walioko mlangoni: yule aliyeko mezani ashushwe, anaweza kungoja, huyu aingie sasa. Shangazi alifungua breki za kitanda na kusukuma. Korido nzima alikimbia, magoti yakilia, na fundi alikuwa amekishika kile chuma cha kitanda bila kumwangalia.

Mtoto alitolewa saa sita kasoro dakika mbili, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, rangi yake imekwisha. Walimfuta, wakamsugua mgongo, wakampulizia hewa. Shangazi alikuwa nje ya mlango, uso kwenye kioo, akihesabu kwa midomo. Alifika sitini. Alifika mia na kumi. Kisha mtoto akalia, kilio chembamba cha kuudhika, na Shangazi akakaa chini sakafuni pale pale alipokuwa, na koti lake lililopigwa pasi.

Rula alimkuta hapo. Hakumwinua. Alichuchumaa mbele yake, na hapo ndipo umri wake ulipoonekana, mdogo kuliko wa Shangazi kwa miaka kumi na zaidi.

"Nikiandika ulichosema, dada, unarudia mwaka," alisema. Darasani alizoea kumwita mtahiniwa, kama wengine wote.

"Andika."

Rula aliandika mistari miwili, akapuliza wino ingawa ulikuwa wa kalamu ya kawaida. Alitazama fomu yake alipoongea tena.

"Ni wewe uliyenifundisha. Nilikuja hapa mafunzoni, mwaka wangu wa kwanza, zamu yako. Ukaniambia niweke mbili za mbele nikale. Nilihangaika miaka mitatu kuiacha tabia ile."

Shangazi alimtafuta kwenye kumbukumbu, kati ya mabinti wote wembamba waliopita mikononi mwake na makoti yao mapana. Hakumwona. Aibu ilimshika wakati huo kuliko wakati wowote wa siku ile, kuliko hata mbele ya daktari, kwa sababu jambo ambalo mwenzake alilibeba miaka yote hiyo yeye hakuwa nalo hata kidogo.

Saa nane aliingia kwenye takwimu na kujibu kila kitu. Watahini walimpongeza. Jioni binti yake alimngojea mlangoni na tabasamu, akamuuliza imekuwaje, naye akamwambia takwimu amepita, mtihani wa vitendo ameanguka, na atarudia mwaka. Binti akacheka akidhani anataniwa. Kisha akaacha kucheka, akamvua koti taratibu, akalitundika. Metroni alipopigiwa simu alisema nafasi itabidi apewe mwingine, na kwamba yeye mwenyewe ameumia. Shangazi alimwelewa. Usiku kucha alitembea kutoka jikoni hadi sebuleni.

Asubuhi alikwenda wodini kama mtumishi, si kama mwanafunzi. Fundi alikuwa kitanda cha dirishani, mtoto kifuani, amevikwa gauni la manjano lenye mishono midogo iliyonyooka kabisa. Shangazi alisimama miguuni pa kitanda. Maneno aliyoyapanga usiku yalikuwa marefu, na yote yakamtoroka. Alisema tu kwamba amekuja kuomba radhi, na kwamba hatamlaumu akitaka kulipeleka jambo hili kwa wakubwa.

Fundi alimwacha asimame.

"Nilikuona ukiandika," alisema mwishowe. "Mimi napima watu. Najua mtu akiandika kipimo ambacho hajapima, anavyoharakisha mkono. Nikajiambia, huyu ni mtu mzima, anajua kazi yake." Akamrekebishia mtoto kofia. "Hata leo sijui nifanye nini na hilo."

Shangazi alikubali kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi miguu yake haikumtuma kwenda popote.

"Nilikuomba unigongee," fundi alisema. "Jana ukakataa."

"Ndiyo."

"Basi nigongee sasa."

Shangazi alitazama ukutani ilikokuwa saa, kisha akaacha kuitazama. Alichuchumaa kando ya kitanda, akatoa pembe mfukoni na kuipasha kiganjani ili isiwe baridi. Kalamu ilikuwa mfuko uleule, imefungwa kifuniko chake. Akaiweka pembe juu ya gauni la manjano na kutega sikio. Alikaa hivyo muda mrefu bila kufanya lolote, hata mama wa kitanda cha pili akaacha kunywa uji na kuangalia. Fundi alikuwa ameweka mkono wake juu ya chuma cha kitanda, kiganja wazi, akisubiri.

Kidole cha Shangazi kikainuka.