Wa Kwanza kwa Kila Raia Elfu

Jedwali lilibandikwa ukutani, nchi yao ikiwa juu kabisa, imezungushiwa wino mwekundu. Wajumbe wa kamati ya misaada walilitazama kama wazazi wanaosoma matokeo ya mtoto wao. Mtakwimu aliyelitengeneza alikaa nyuma.

Baada ya mafuriko katika nchi ya jirani, walikuwa wamepeleka mahema elfu nne. Kwa idadi tupu, walikuwa wa kumi na tisa kati ya nchi zilizotoa. Mtakwimu ndiye aliyeyagawanya kwa raia wao milioni mbili, akapata mahema mawili kwa kila raia elfu, na nchi ndogo ikayapita mataifa makubwa yote. Hakudanganya. Alitumaini sifa zingewafungua mikono watoe tena, kwa kuwa dada yake mkubwa na wanawe walikuwa huko, wakilala juu ya tuta la reli. Alisahau kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

"Tumewapita wote," mwenyekiti alisema. "Shehena ya pili ya nini? Sasa ni zamu ya wenye nacho."

Mjumbe mmoja mwanamke alibisha kwamba kutoa si mashindano ya mbio. Wenzake wakacheka kidogo. Mtakwimu akasimama bila kuitwa, akaomba mahema yagawanywe upya, safari hii kwa walioyahitaji: watu milioni moja na laki mbili, hema moja kwa watu mia tatu.

"Hesabu ya kwanza ina kosa?" mwenyekiti aliuliza.

"Haina, mheshimiwa."

"Basi kaa."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na shehena ya pili ikafutwa. Mtakwimu alitoka hadi barazani akijichukia, na hapo simu ikaita.

"Mdogo wangu, tangu asubuhi redio inasema mmekuwa wa kwanza," dada yake alisema. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyommaliza. Akaeleza kwamba maji yameanza kupanda tena, majirani walitaka kukimbilia milimani, lakini yeye amewazuia. "Nimewaambia ndugu yangu ndiye aliyehesabu. Mahema yanafika lini?"

Akaegemea ukuta. "Ondokeni, dada. Sasa hivi. Msisubiri chochote."

Dada hakuuliza kwa nini. Mtakwimu alimsikia akigeuka na kuwaita wanawe, mmoja mmoja, wavae viatu.