Hospitali Kumi na Moja, Mtu Mmoja

Hospitali kumi na moja zilituma wawakilishi, wote wamefunga tai, kuja kikaoni kuinusuru programu ya kompyuta ya benki ya damu, ile inayoonyesha damu ya kundi gani iko wapi. Huo ulikuwa mwaka wa tisa wakiitumia bure. Na miaka yote tisa fundi mmoja wa maabara, mwanamke waliyezoea kumwita Shangazi, aliirekebisha peke yake kwa kujitolea, kila akitoka kazini. Ikigoma, simu zote kwake. Ikienda sawa, kimya, utadhani inajiendesha.

Sasa jicho lake la kushoto lilikuwa linafifia. Daktari alimwambia wazi: upasuaji Jumatatu, kisha miezi mitatu bila kompyuta, la sivyo jicho hilo ahesabu limekwenda. Ndiyo maana akawaomba jambo dogo tu. Kila hospitali ijaze fomu, iandike mtu wake wa kuishughulikia programu siku moja kwa wiki.

Walimsifu hao, we acha tu. Mwenyekiti alihubiri nusu saa nzima kuhusu moyo wa kujitolea, moyo wa watu wengine lakini. Makofi yakapigwa. Fomu zikarudi zote zimejazwa, na Shangazi, maskini, akafurahi. Akazisogeza hadi karibu na pua, akasoma moja moja.

Zote kumi na moja zilimwandika yeye.

"Kwani kuna ubaya gani?" mwenyekiti akauliza. "Unayeijua ni wewe. Tunakuamini, Shangazi."

"Jumatatu napasuliwa jicho, mwanangu. Nilisema mwanzo kabisa."

"Ah, pole sana. Basi tutakusubiri."

Watamsubiri! Na mgonjwa anayetokwa damu naye asubiri. Shangazi alijaa hasira, na aibu pia, maana miaka yote hiyo alipenda kuambiwa kwamba bila yeye mambo hayaendi. Akainuka, akaandika ubaoni nywila ya kuingilia programu kwa herufi kubwa.

"Haya, nakilini. Atakayeandika, nitakaa naye hadi Jumapili nimfundishe."

Akangoja. Hakuna aliyegusa kalamu. Mwakilishi wa hospitali kubwa kuliko zote akakohoa kidogo.

"Shangazi, si ungetutumia tu kwa barua pepe?"

Akauacha ubao ulivyo, akachukua mkoba wake. Mlangoni akamsikia mwenyekiti akipanga kikao kijacho: baada ya miezi mitatu, Shangazi akishapona.