Nyanya Ndani ya Mtandao

Mwelu hakuwa mtu wa kutafuta makosa, lakini kitu kikishamkwaruza roho, hatulii. Jumamosi moja ya Machi 2010, intaneti ya nyumbani kwao mtaa wa Jamhuri ikijikokota, alifungua kwenye kompyuta orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa. Akaona kompyuta yake, akaona ya mumewe Thuo, akaona printa. Cha nne kiliitwa NYANYA.

Nyanya gani tena? Mama yake Thuo, waliyekuwa wakiishi naye, nyumba nzima ilimwita Cucu, yaani bibi, kwa Kikuyu chao. Kwa hiyo mawazo ya Mwelu yalikimbia moja kwa moja kwenye zile za kachumbari, na kutoka hapo hadi kwa Waringa, aliyeziuza pale getini. Alishuka akamwuliza, kwa kuzungukazunguka, kama kuna mtu kwake anayetumia intaneti ya majirani. Waringa alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema yeye waya anaojua ni wa kuanikia nguo. Mwelu akanunua kilo mbili za nyanya asizozihitaji, kwa aibu tu.

Aliporudi alianza kuchomoa vitu ukutani kimoja kimoja, kila mara akiangalia orodha. Akachomoa televisheni, NYANYA ikabaki. Akachomoa redio, ikabaki. Akachomoa saa ya sebuleni, ile ambayo shemeji yake Haron aliwaletea Desemba kutoka Boston, na jina likapotea. Akaichomeka, likarudi. Akaishusha na kuikagua. Ndani ya kiduara cha nambari nane palikuwa na kioo kidogo kuliko punje ya mtama. Ilikuwa kamera.

Ilimwuma, tena ilimwuma sana. Cucu alipovunjika nyonga, Mwelu ndiye aliyeacha kazi nzuri Kilimani ili amwoshe, amlishe, amtembeze. Haya, mtu anakushukuru kwa mdomo, halafu anakuwekea askari ukutani! Thuo aliapa kwamba hakujua lolote, na uso wake ulionyesha kweli hakujua. Mwelu akamwambia kwamba kama haaminiki, basi Haron aje amchukue mama yake. Hakuwa anatania.

Akampigia simu Haron, na salamu hakutoa. Haron alibabaika kidogo, kisha akakiri. Hata jina aliliandika yeye, kwa sababu watoto wake huko wanajifunza Kiswahili cha vitabuni, na bibi yao wanamwita nyanya.

"Shemeji, wiki ya kwanza nilikuwa nakuchunga wewe," alisema. "Nisamehe. Sikuona baya hata moja. Baadaye nikashindwa kuizima. Huku kukiwa asubuhi, nakunywa chai nikiwatazama mkinywa yenu ya saa kumi."

"Na mama anajua?"

"Anajua. Nilimwomba asiseme."

Mwelu akakumbuka jambo. Kila siku saa kumi, baada ya chai, Cucu alibaki mbele ya saa ile akinong'ona kwa Kikuyu. Mwelu, akidhani ni maombi, alikuwa akitoka kwa heshima na kurudisha mlango.

"Basi umesikia yote anayokuambia?"

"Kuniambia?" Haron akashangaa. "Shemeji, ile haina sauti. Naona midomo tu. Hata mimi nilidhani anaomba."

Miezi mitatu mama wa watu anazungumza na ukuta! Hasira ya Mwelu haikuisha, ila ilisogea kidogo kuipisha huruma. Akatoa masharti yake: saa hairudi ukutani, neno la siri la intaneti linabadilishwa leo leo, na Haron akitaka kumwona mama yake atapiga simu ya video, naye aonekane. Haron alikubali yote bila kubishana.

Saa kumi ilipofika, Thuo aliweka kompyuta mezani na uso wa Haron ukatokea. Cucu akaelezwa polepole kwamba saa ilikuwa kiziwi. Mwelu akainuka kutoka kama kawaida yake, lakini Cucu akamshika mkono na kumketisha kando yake.

"Kumbe hukunisikia hata neno?" alimwuliza mwanawe, safari hii kwa Kiswahili, ili Mwelu asikose kitu.

"Hata moja, Mama."

"Basi naanza upya. Nilikuahidi sitamwambia huyu. Kuikubali kamera yako sikuahidi." Alikuwa bado ameushika ule mkono. "Kila siku nimekuambia jambo moja tu, Haron: zima hicho kitu. Huyu ni mtoto wangu, hachungwi."